Orlando Martins: nani alicheza Kalulu katika filamu ya Kisangani?

Mwaka wa 1958, muji wa Kisangani, wakati ule Stanleyville, ulipokea wageni wa sinema. Fred Zinnemann alifika na Audrey Hepburn na Peter Finch kupiga sehemu ya filamu The Nun's Story, habari ya sista Mubeleji anayetumika katika hospitali ya Kongo. Walipiga picha pia Yakusu, kwenye wagonjwa wa ukoma.

Katika filamu hiyo kuko musaidizi wa hospitali anayeitwa Kalulu, jina ambalo watu wa Katanga wanalijua vizuri: njo sungura wa hadithi. Unaweza kufikiri muigizaji ni Mukongomani. Hapana. Ni Orlando Martins, mutoto wa Lagos, Naijeria.

Alitoka wapi?

Martins alizaliwa mwaka wa 1899. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alitumika katika meli, kisha akabaki London. Ili apate chakula alifanya kila kazi: mulinzi wa usiku, mupiganaji wa mieleka, hata kuchezesha nyoka mbele ya watu katika sarakasi. Mwaka wa 1935 alionekana katika Sanders of the River, filamu ya Paul Robeson.

Nafasi gani alipewa?

Mwaka wa 1946, katika Men of Two Worlds, habari ya Tanganyika, alicheza Magole, muganga wa kienyeji anayetisha kijiji. Mwaka wa 1949, katika The Hasty Heart, alicheza pamoja na Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Martins alikuwa Blossom, askari mugonjwa asiyejua Kiingereza. Neno analosema ni jina lake tu. Na nafasi hiyo njo moja ya zile zilizomujulisha!

Haikuwa juu ya kukosa akili ya kazi. Filamu hizo ziliandikwa na wazungu, kwa ajili ya wazungu. Mwafrika alikuwa boyi, muchawi, ao mutu wa kundi la nyuma. Na hapa kwetu, serikali ya Wabeleji ilichuja filamu mbele ya kuzionyesha watu weusi. Kwa hiyo Kongo ilipigwa picha, lakini Mukongomani hakuandika habari yake, wala hakuchagua filamu ya kuangalia.

Mwisho wake

Martins alirudi Lagos. Akiwa na miaka 70 hivi, alicheza katika Kongi's Harvest, filamu iliyotoka katika mchezo wa Wole Soyinka, kisha katika filamu iliyotoka katika vitabu vya Chinua Achebe. Sasa Waafrika wenyewe njo walikuwa wameandika habari. Alikufa mwaka wa 1985.

Ukipata The Nun's Story, usiangalie sista peke yake. Angalia Kalulu pia. Yule mzee alikuwa amengoja nafasi nzuri zaidi ya miaka 30.