Usiache Mbachao: Pima Kasi ya Intaneti Kabla ya Kuhama

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Siku hizi misala inayopita ni mingi, na mmojawapo ni huu wa kampuni za intaneti. Kila mtaa una bango, kila nguzo ya stima imebandikwa karatasi: hamia kwetu, kasi hadi megabiti 40! Huenda msala huo ni mzuri kuliko mbacha wako. Huenda pia ni mbacha uleule uliopakwa rangi. Katika makala haya ninataka kueleza jinsi ya kuutambua kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Pengine utauliza, "Chama cha Kiswahili na intaneti, wapi na wapi?" Swali zuri. Sehemu kubwa ya utata huu imejificha ndani ya neno moja dogo la lugha yetu, neno "hadi". Tutalifikia hivi punde.

Kilichonisukuma kulichunguza jambo hili ni kaka yangu. Yeye anasoma chuo kikuu kwa njia ya mtandao, na masomo yake huanza saa mbili usiku. Likizo ya Agosti nilimkuta katika dhiki. Sauti ilikuwa ikikatika, picha ikiganda, na mara mbili alitolewa darasani katikati ya kuwasilisha kazi yenye alama. Mama ndiye mlipaji, naye alikuwa amechoka. Kijana wa mauzo wa kampuni nyingine alikuwa amepita mlangoni na kuahidi mambo makubwa, ila gharama ya kufungiwa ilikuwa shilingi 4,000. Pesa zilikuwepo, lakini zilikuwa zimetengwa kwa karo ya dada yangu. "Sasa nihame ama nisihame?" mama akauliza. Nikamwomba, "Mama, nipe siku saba nipime kwanza." Akakubali.

Kasi ni nini hasa?

Herufi Mbps zinazoandikwa kwenye matangazo husimamia megabiti kwa sekunde. Faili zilizo kwenye tarakilishi, kwa upande mwingine, hupimwa kwa megabaiti. Biti si baiti, jamani! Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo ukinunua kasi ya megabiti 20, faili yako itashuka kwa megabaiti mbili na nusu tu kila sekunde. Filamu ya megabaiti 1,000 itachukua sekunde 400, yaani karibu dakika saba, hata kama kila kitu kiko sawa. Wengi hulalamika kwamba wameibiwa, kumbe hawakugawanya kwa nane.

Isitoshe, kasi si nambari moja. Ni tatu. Ya kwanza ni ya kupakua, yaani vitu vinavyokuja kwako. Ya pili ni ya kupakia, yaani vitu vinavyotoka kwako, kama vile picha na sauti yako ukiwa darasani. Ya tatu ni ucheleweshaji, muda ambao ujumbe mdogo hutumia kwenda na kurudi, na huo hupimwa kwa milisekunde. Fikiria bomba la maji. Mbili za kwanza ni upana wa bomba. Ya tatu ni muda unaongoja tangu ufungue mfereji hadi tone la kwanza lidondoke. Bomba laweza kuwa pana na bado likachelewa. Satelaiti za zamani zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ardhi zina kasoro hiyo, kwani ujumbe kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Zile za Starlink, iliyoanza huduma humu nchini mwaka wa 2023, huzunguka karibu zaidi na ardhi, ndiyo maana ucheleweshaji wake ni mdogo zaidi.

Neno "hadi"

Sasa tulitazame neno letu. Mwalimu akisema mtihani huu unaweza kukupa hadi alama 100, je, amekuahidi 100? La hasha! Ametaja kilele tu. Aliyepata 12 hajadanganywa na mwalimu. Vivyo hivyo, "hadi megabiti 40" ni kilele. Tangazo halisemi utapata ngapi saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani na kila runinga imewashwa. Laini ya mtaani hugawanywa baina ya nyumba nyingi, kama matatu inayobeba abiria wengi zaidi jioni. Kwa hivyo swali la mnunuzi si "hadi ngapi?" bali "kuanzia ngapi, na saa ngapi?"

Jinsi ya kupima

Vyombo vya kupimia havilipishwi. Speedtest ya Ookla imekuwapo tangu mwaka wa 2006, na Fast.com ya Netflix ilianza mwaka wa 2016. Unafungua tu, unabonyeza, unangoja chini ya dakika moja. Hata hivyo, kupima vizuri kuna masharti yake.

Kwanza, tenga laini na waifai. Haya ni mambo mawili tofauti. Laini ni ile inayoletwa na kampuni hadi kwenye ruta. Waifai ni hewa ya nyumbani mwako kutoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa chako. Chomeka kipakatalishi kwenye ruta kwa kebo, kisha upime. Hiyo ndiyo kasi unayouziwa. Baadaye nenda chumbani upime kwa waifai. Tofauti ya vipimo hivyo viwili haitokani na laini, na kuhama kampuni huenda kusiiondoe.

Pili, pima nyumba ikiwa imetulia, halafu pima tena nyumba ikiwa na shughuli zake. Kipimo cha kwanza kinaonyesha laini. Cha pili kinaonyesha maisha.

Tatu, rudia. Asubuhi, adhuhuri na usiku, kwa muda wa wiki nzima. Siku moja yaweza kukuhadaa. Mnamo tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Aliyepima siku hiyo peke yake angeilaumu kampuni yake bure bilashi.

Nne, usitegemee chombo kimoja. Speedtest kwa kawaida hukuchagulia seva iliyo karibu, na huenda seva hiyo imo ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe. Ni kama kujisahihishia mtihani. Badilisha seva, uchague ya mji mwingine ama ya nchi nyingine, kisha ulinganishe na Fast.com.

Tano, andika. Tarehe, saa, mahali, kebo au waifai, kupakua, kupakia, ucheleweshaji. Kumbukumbu ya kichwani haina nguvu mbele ya mhudumu wa simu.

Tahadhari moja: kupima kunakula data. Kwenye laini ya megabiti 40, sekunde kumi za kupakua pekee ni megabaiti 50. Ukiwa na bando ndogo kwenye rununu, utaimaliza kwa vipimo!

Tulichokipata nyumbani

Nilichora jedwali kwenye daftari na kuanza. Kifurushi chetu kilikuwa cha "hadi 20". Kwa kebo, asubuhi, nilipata 19 kila siku. Saa mbili usiku, kwa kebo hiyohiyo, nilipata kati ya 11 na 13. Ila chumbani kwa kaka, kwa waifai, asubuhi ilikuwa 6 na usiku 4. Nyumba ikiwa na shughuli zake, kasi ya kupakia kule chumbani ilishuka chini ya megabiti 1. Lahaula! Hapo ndipo sauti ya kaka ilipokuwa ikipotelea.

Sababu zilikuwa mbili. Fundi aliyetufungia alikuwa ameiweka ruta sakafuni nyuma ya runinga, kando ya kabati la chuma, na kati yake na chumba cha kaka mna kuta mbili za mawe. Chuma na ukuta mnene huyadhoofisha mawimbi ya waifai. Sababu ya pili ni rununu za watu wa nyumbani, ambazo hupakia picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni pindi zipatapo waifai. Watu walikuwa wakirudi jioni, na rununu nne zikianza kazi hiyo saa ileile ya darasa.

Tukaipandisha ruta ukutani kwenye ujia, katikati ya nyumba. Upakiaji wa picha tukauhamishia asubuhi. Pia tulijifunza kwamba ruta yetu hutoa waifai za aina mbili: ya gigahazi 2.4, inayofika mbali lakini ni ya polepole, na ya gigahazi 5, yenye kasi lakini inayochoka upesi ikikutana na ukuta. Hiyo ya pili huandikwa 5G mwishoni mwa jina lake, lakini usidanganyike, haihusiani na 5G ya simu. Baada ya mabadiliko hayo, chumbani kwa kaka palikuwa na 15 asubuhi na 10 usiku, na kupakia 5. Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa filamu ya picha safi za kawaida na 15 kwa zile za 4K, kwa hivyo 10 si haba kwa mwanafunzi mmoja. Hadi likizo ilipokwisha, kaka hakutolewa darasani tena.

Bado mama alitaka kujua kama msala upitao ni bora. "Hiyo 40 si ni mara mbili ya yetu?" akaniuliza. Hapa ndipo penye siri kubwa ya makala haya: pima kwa jirani. Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa mteja wa kampuni hiyo ya "hadi 40". Tulimwomba ruhusa kwa heshima, nikaenda na kipakatalishi na kebo siku tatu mfululizo. Asubuhi nilipata 38. Saa mbili usiku nilipata 14, 13 na 15. Yaani saa ya darasa, faida ingekuwa megabiti mbili tu. Mama alilitazama daftari, akacheka, akasema, "Kumbe ningelipa elfu nne ninunue asubuhi!" Pesa zikaenda kwenye karo.

Wakati mwingine, hama

Sisemi kila mtu akae alipo. Rafiki yangu wa kidato cha tatu alipima kwa njia hiyohiyo. Kwa kebo, nyumba ikiwa kimya, asubuhi na usiku, hakuwahi kupita megabiti 6 kati ya 20. Wazazi wake walipiga simu, wakasoma vipimo vya siku saba, wakangoja wiki tatu bila kuona fundi. Wakahama, na walikuwa na haki ya kuhama. Mbacha uliotoboka hautandikwi.

Ukiamua kuhama, muulize muuzaji maswali haya, na majibu uyapate kwa maandishi. Usiku kasi huwa ngapi? Ya kupakia ni ngapi? Kuna kikomo cha matumizi ambacho baada yake kasi inapunguzwa? Ruta ni ya nani nikiondoka? Mkataba ni wa mwezi ama wa mwaka? Fundi huchukua siku ngapi kufika? Tena usiikate laini ya zamani siku ileile. Ukiweza, ziache zote mbili kwa wiki moja uzipime sambamba.

Msomaji mpenzi, mwaka wa 2009 waya wa Seacom ulipofika Mombasa, wazazi wetu walifurahia kupata intaneti ya kasi tu. Sisi wa leo tunayo, na kazi yetu ni kujua tunalipia nini. Chukua daftari likizo hii, chora jedwali, pima. Wewe unayejifunza lugha unajua kwamba "hadi" na "kuanzia" si maneno sawa. Waeleze wazazi wako tofauti hiyo kabla hawajatia sahihi.