Kielelezo na Uzito Wake: Kwa Nini Kifaru cha Mezani Hukwama Uwanjani

Katika nchi nyingi wapo watu wazima, tena wenye kazi zao za heshima, ambao hutumia saa za mapumziko wakiunganisha vielelezo vidogo vya magari ya kivita. Vipande vya plastiki hukatwa, hugundishwa na kupakwa rangi mpaka kifaru chenye urefu wa mita saba kinakaa juu ya kiganja cha mkono. Skeli zinazotumika zaidi ni 1:35 na 1:72, yaani sentimita moja ya kielelezo husimama mahali pa sentimita 35 au 72 za chombo chenyewe. Wanaopendwa sana na mafundi hao si magari ya kawaida, bali yale ya ajabu: magari yaliyobuniwa kwa matumaini makubwa, yakajengwa kwa gharama kubwa, kisha yakashindwa.

Kwa mwanafunzi wa fizikia, magari hayo yaliyoshindwa yana somo kubwa kuliko yale yaliyofaulu. Baadhi yake yalishindwa kwa sababu watu waliamini kwamba jambo linalowezekana kwa kielelezo huwezekana pia kwa chombo chenyewe. Je, kielelezo husema kweli katika mambo gani, na hunyamaza katika mambo gani?

Kichezeo mbele ya mfalme

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mhandisi mmoja wa Urusi aitwaye Nikolai Lebedenko alibuni gari la vita lisilofanana na jingine lolote. Mbele lilikuwa na magurudumu mawili makubwa kama ya baiskeli, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 9, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa mbili na zaidi. Nyuma lilikuwa na mkia uliobebwa na magurudumu madogo yenye kipenyo cha mita 1.5 tu. Askari wenye mizinga na bombomu wangekaa katikati, kati ya magurudumu yale makubwa. Lebedenko alisaidiwa na mwanasayansi mashuhuri wa usafiri wa anga, Nikolai Zhukovsky, pamoja na vijana wawili, Boris Stechkin na Alexander Mikulin, ambao baadaye walipata sifa kubwa kwa kubuni injini za ndege.

Hoja ya Lebedenko haikuwa ya kipuuzi. Gurudumu kubwa hupanda kizuizi kwa urahisi kuliko gurudumu dogo. Jiwe linalosimamisha toroli halisimamishi mkokoteni. Gurudumu la mita 9 lingevuka mahandaki na seng'enge zilizowazuia askari wa miguu.

Mwanzoni mwa mwaka 1915 Lebedenko alipata nafasi ya kumwonyesha mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili, kielelezo cha mbao kilichoendeshwa kwa springi ya kinanda cha santuri. Inasimuliwa kwamba mfalme na mhandisi walipiga magoti sakafuni, wakapanga vitabu vinene vya sheria za dola mbele ya kielelezo hicho, nacho kikavipanda kimoja baada ya kingine bila kusita. Mfalme alifurahi mno. Fedha zilitolewa, kiasi cha rubo 210,000, na kazi ikaanza mara moja.

Gari lilikamilika mwaka huohuo. Lilikuwa limekusudiwa kuwa na uzito wa tani 40 hivi, lakini likafikia tani 60 hivi. Lilipewa injini mbili za Maybach, kila moja yenye nguvu farasi zipatazo 250. Mwezi wa Agosti 1915 lilijaribiwa msituni karibu na mji wa Dmitrov, kaskazini ya Moscow. Injini zilinguruma, gari likasogea, likaangusha mti kama njiti ya kiberiti, na waliokuwapo wakashangilia. Baada ya mwendo mfupi sana mkia ukaingia katika udongo laini. Magurudumu makubwa, pamoja na nguvu zote za injini, hayakuweza kuuchomoa. Gari lilibaki papo hapo msituni kwa miaka mingi, mpaka lilipokatwakatwa kuwa vyuma chakavu mwaka 1923.

Kipeo cha pili na kipeo cha tatu

Ili kujua kilichotokea, hapana haja ya hesabu ngumu. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Eneo la kitako chake ni sentimita ya mraba 1, na ujazo wake ni sentimita ya ujazo 1. Sasa ongeza kila upande mara 10. Kitako kinakuwa na eneo la sentimita za mraba 100, lakini ujazo unakuwa sentimita za ujazo 1,000. Ikiwa michemraba yote miwili imetengenezwa kwa mbao za namna moja, uzito umeongezeka mara 1,000 na eneo linaloubeba limeongezeka mara 100 tu. Basi kila sentimita ya mraba ya ardhi inabeba uzito mara 10 ya ule wa kwanza.

Kwa ufupi, eneo hukua kwa kipeo cha pili cha urefu, na uzito hukua kwa kipeo cha tatu. Kanieneo, yaani uzito uliogawanywa kwa eneo linaloubeba, hukua sawasawa na urefu wenyewe. Galileo Galilei wa Italia alieleza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1638, alipoonyesha kwamba mnyama mkubwa hawezi kuwa na mifupa yenye umbo lilelile la mifupa ya mnyama mdogo. Mifupa yake haina budi kuwa minene zaidi kwa kadiri ya urefu wake.

Sasa kanuni hiyo na itumike kwa gari la Lebedenko. Kwa skeli ya 1:72, gurudumu la mita 9 huwa na kipenyo cha sentimita 12.5. Uzito wa tani 60 hauna budi kugawanywa kwa 72 mara tatu, yaani kwa 373,248, na jibu ni gramu 161 hivi. Kielelezo chenye uzito huo kingekuwa na uwiano kamili na gari lenyewe, ila kanieneo yake juu ya sakafu ingekuwa sehemu moja tu katika 72 ya kanieneo ya gari.

Tena kuna jambo jingine lililo zito zaidi. Gari lilipunguzwa kwa skeli, lakini ardhi haikupunguzwa. Sakafu ya jumba la mfalme ilikuwa ngumu, wala udongo wa msituni haukuongezeka nguvu kwa kuwa gari limeongezeka ukubwa. Kielelezo kilisema kweli kuhusu umbo: gurudumu kubwa hupanda kizuizi, na msituni jambo hilo lilithibitika. Kuhusu uzito na ardhi hakikusema lolote, kwa maana hakikuulizwa.

Waingereza walishika njia nyingine. Vifaru vyao vya kwanza, vilivyoingia vitani huko Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916, vilikuwa na uzito wa tani 28 hivi na vilitembea juu ya minyororo mipana iliyozunguka ubavu mzima. Vingi vilikwama au kuharibika, lakini njia yenyewe ilikuwa sahihi: kuutandaza uzito juu ya eneo kubwa.

Panya wa tani 188

Hata minyororo ina mipaka yake. Katika Vita Kuu ya Pili, Ferdinand Porsche wa Ujerumani alibuni kifaru kilichoitwa Maus, maana yake panya. Mwaka 1943 Hitler alionyeshwa kielelezo cha mbao cha ukubwa kamili. Mbao zilionyesha umbo la kutisha. Hazikuweza kuonyesha tani 188.

Injini ya nguvu farasi 1,200 hivi iliendesha jenereta, na umeme wake ukazungusha mota za minyororo. Nguvu hiyo ni kubwa, lakini ikigawanywa kwa tani 188, kila tani hupata nguvu farasi 6 na kidogo tu; ndiyo maana mwendo wake haukuzidi kilomita 20 hivi kwa saa. Madaraja machache sana yangeweza kukihimili. Ikapangwa kwamba kivuke mito kwa kutembea chini ya maji, huku Maus mwingine akiwa ng'ambo na kukipelekea umeme kwa waya. Mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945 yalikuwa yamejengwa mawili tu ya majaribio, nayo hayakubadili lolote katika vita. Jeshi la Kisovieti liliunganisha sehemu za magari hayo mawili kuwa kifaru kimoja, ambacho kimehifadhiwa nchini Urusi.

Kwa skeli ya 1:35, Maus angestahili kuwa na uzito wa kilo 4.4 hivi. Kielelezo cha plastiki, kilicho kitupu ndani, hakifikii hata karibu na uzito huo. Atazamaye huona panya aliyekaa kwa utulivu juu ya rafu, bila kuhisi kwamba rafu ndiyo iliyopewa nafuu.

Jinsi ya kukisemesha kielelezo

Haifai kudhani kwamba vielelezo havina faida. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 William Froude wa Uingereza alijenga huko Torquay birika refu la kukokotea vielelezo vya meli. Aligundua kwamba mwendo nao hauna budi kupunguzwa, tena kwa kipeo kingine: kielelezo chenye urefu wa sehemu moja katika 16 ya meli hukokotwa kwa robo ya mwendo wake, ili mawimbi yake yafanane na ya meli. Tangu hapo kielelezo cha meli kimekuwa chombo cha kupimia.

Kwa magari ya nchi kavu, kazi ya namna hiyo ilifanywa na M. G. Bekker, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyehamia Kanada na baadaye Marekani. Yeye alianza na ardhi badala ya gari. Alikandamiza vibao vya chuma vya ukubwa mbalimbali udongoni na kupima kina cha kuzama kwa kila uzito, kisha akatunga kanuni zinazohusisha udongo na gurudumu. Kitabu chake juu ya nadharia ya mwendo wa nchi kavu kilitoka mwaka 1956.

Elimu hiyo, iliyoanzia kwenye magari ya jeshi, ilifika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ferenc Pavlics, mhandisi aliyefanya kazi pamoja na Bekker, aliendesha kwa redio kielelezo kidogo cha gari la mwezini, cha skeli ya 1:6, mpaka ndani ya ofisi ya Wernher von Braun, mkuu wa kituo cha roketi za safari za mwezini. Mkubwa huyo naye alivutiwa, kama mfalme wa Urusi alivyovutiwa. Lakini safari hii nyuma ya kichezeo palikuwa na hesabu za udongo na magurudumu ya wavu wa waya yaliyokwisha kupimwa. Magari matatu ya namna hiyo yalitembea mwezini mwaka 1971 na 1972, na la mwisho lilikwenda jumla ya kilomita 36 hivi bila kuzama vumbini.

Jaribio la darasani

Yatakiwa matofali 36 yanayolingana na tope laini lililopondwa vizuri na kusawazishwa.

1. Laza tofali moja juu ya tope. Baada ya dakika tano pima kina kilichozama.
2. Pembeni, jenga umbo lilelile kwa matofali 8: manne chini, manne juu. Pima tena.
3. Jenga kwa matofali 27: tisa chini, tabaka tatu. Pima.
4. Rudia hatua ya tatu juu ya ubao mpana kuliko kitako, na ulinganishe.

Maumbo yote matatu yanafanana, na kila moja ni kielelezo cha jingine. Hata hivyo kanieneo zake ni kama 1, 2 na 3. Wanafunzi na wachore grafu ya kina dhidi ya kanieneo, kisha waeleze kazi ya ubao.

Rubo 210,000 zilizamishwa katika tope la Dmitrov kwa sababu swali ambalo matofali 36 yangelijibu halikuulizwa sakafuni pale. Kila aonyeshwaye kielelezo kizuri, kiwe cha daraja, cha trekta au cha bwawa, anapaswa kuuliza mambo matatu kabla ya kukisifu: uzito wake umekadiriwa kwa kipeo gani, utabebwa na eneo gani, na ardhi ya mahali pale imepimwa na nani.