Saa mbili ya Dar, saa sita usiku ya Unionville

UNIONVILLE, Kanada: Reli ya Toronto na Nipissing ilipoanza kupita hapa Unionville mwaka 1871, kila mji ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua. Mhandisi wa reli, Sandford Fleming, alichoshwa na vurugu hiyo, na mwaka 1879 akahutubia mjini Toronto akitaka dunia igawanywe katika kanda 24 za saa.

Vurugu hiyo bado inatukuta Waswahili wa ughaibuni, safari hii ndani ya kompyuta. Vyama vyetu vingi vina tovuti zinazotuma wenyewe ujumbe wa kukumbusha ada na michango ya misiba. Ukipanga saa vibaya, mzazi Temeke anaamshwa usiku wa manane akidhani kuna msiba, au mchango wa mwanachama unakatwa mara mbili.

Je, kazi hizi hupangwaje? Seva nyingi zina programu iitwayo cron, ambayo husoma sehemu tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki. Anayejenga tovuti kwa Laravel huweka mstari mmoja tu wa cron, unaoita amri ya schedule:run kila dakika. Ratiba yenyewe huandikwa ndani ya programu, ambako ni rahisi kuikagua.

Mtego wa kwanza ni lugha yetu. Katibu akisema "saa mbili asubuhi", kompyuta iandikiwe 8. Ukiandika 2, ujumbe utatoka saa nane usiku.

Mtego wa pili ni majira. Afrika Mashariki haibadilishi saa. Iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Ontario hubadilisha. Ujumbe uliopangwa saa sita usiku ya Toronto hufika Dar saa mbili asubuhi wakati wa baridi, lakini saa moja wakati wa kiangazi.

Mtego wa tatu ni usiku wa mabadiliko yenyewe. Jumapili ya pili ya Machi, saa nane usiku huruka ikawa saa tisa. Kazi ya saa nane na nusu inaweza isifanyike. Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa saba na nusu huja mara mbili, na malipo yanaweza kukatwa mara mbili.

Ushauri wetu, ndugu wasomaji: iacheni seva itumie UTC. Kwa saa mbili ya Dar, andikeni 0 5 * * *, au mtaje kanda ya Africa/Dar_es_Salaam katika ratiba ya Laravel. Kila malipo yapewe namba yake, ili programu ikatae kuyarudia. Tena kila kazi iandike kumbukumbu ikimalizika. Mweka hazina aisome asubuhi, kabla wanachama hawajaanza kupiga simu.