Damu ikishuka kila mara, uboho nao upimwe

Hapa Voi mtu akiambiwa damu imepungua, jamaa hukimbilia mchicha na maini, kisha hutafutwa wa kumtolea damu. Si vibaya. Lakini ikiwa ametiwa damu leo na baada ya wiki chache imeshuka tena, lazima tuulize kwa nini haikai.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye ule ute laini uitwao uboho. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na zile za kugandisha damu hazifiki hata wiki mbili, kwa hiyo kiwanda hicho hakilali. Mabomba ya Mombasa yakikauka, fundi hufuata njia mpaka chemchemi ya Mzima, huku kwetu Taita Taveta. Kupima uboho ndiko kwenda Mzima.

Hakuanzwi hapo, lakini. Kwanza huhesabiwa chembe zote, na tone la damu hutandazwa kwenye kioo litazamwe kwa hadubini. Malaria, safura, upungufu wa madini ya chuma na selimundu kwa kawaida hujulikana bila kugusa mfupa. Uboho hutakiwa pale chembe za aina zote zimeshuka pamoja na sababu haionekani. Humo huweza kukutwa saratani ya damu, uboho uliodhoofika usiotengeneza tena, kifua kikuu kilichojificha, au vimelea vya kala-azar, maradhi wanayoyajua sana watu wa Baringo na Pokot Magharibi.

Mzee mmoja mtaani kwetu alikataa kwenda kupimwa Mombasa kwa kuambiwa atapooza. Watu huchanganya na kile kipimo cha maji ya uti wa mgongo, ambacho nacho kimesingiziwa mengi. Sindano ya uboho huingia mfupa wa nyonga, kwa nyuma, juu ya tako. Hupigwa ganzi, ila ule wakati wa kuvuta uboho huuma sana kwa sekunde chache, na ni afadhali mgonjwa aambiwe ukweli mapema. Kinachotolewa hakijazi kijiko cha chai, pamoja na kijipande chembamba cha mfupa, na mwili hurudisha. Wengi hulala kwao siku hiyo hiyo. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla.

Majibu ya kijipande cha mfupa hukawia, kwani hulainishwa kwanza ndipo kikatwe. Anayetoka Taveta aulize kabisa kama yatatumwa kwa daktari wake, au itambidi apande gari tena.