Bibi Helen Hogg: Aliyelea Mtoto Chini ya Darubini

Katika mwaka wa 1932, ndani ya jengo la darubini lililo juu ya kilima karibu na mji wa Victoria, magharibi ya Kanada, kulikuwa na kitu ambacho si kawaida kukikuta mahali pa utafiti: kikapu, na ndani yake mtoto mchanga amelala. Mama yake, Bibi Helen Sawyer Hogg, alikuwa kando akipiga picha za nyota. Mtoto alikuwa bado ananyonya, hivyo hakuweza kuachwa nyumbani usiku kucha. Na nyota nazo haziwangoji akina mama wamalize kunyonyesha. Kazi hiyo Bibi Hogg aliifanya bila ya kulipwa hata senti moja.

Si kwamba hakuwa na elimu. Alizaliwa tarehe 1 Agosti, 1905, katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alipoingia chuo cha Mount Holyoke alikuwa akisomea kemia. Januari 1925 jua lilipatwa kabisa, na wanafunzi wa chuo hicho wakapelekwa kwa gari moshi hadi mahali ambapo giza lingetimia. Walisimama katika theluji, baridi ikiwauma miguu, wakatazama. Baada ya hapo kemia ilipoteza mwanafunzi. Alikwenda kufanya utafiti Harvard, chini ya mtaalamu mashuhuri Harlow Shapley, na mwaka 1931 akapata shahada ya udaktari. Lakini shahada hiyo ilitolewa na chuo cha wanawake cha Radcliffe, kwa sababu Harvard yenyewe wakati huo ilikuwa haiwapi wanawake shahada za juu za sayansi.

Mwaka 1930 aliolewa na Frank Hogg, mtaalamu mwenzake wa elimu ya nyota, raia wa Kanada. Walipohamia Victoria mwaka uliofuata, dunia ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Kituo kilimwajiri mume. Mke akapokewa kama msaidizi wake wa kujitolea. Wapo watakaosema kuwa alibahatika kupata mume aliyemwunga mkono, na ni kweli. Hata hivyo mshahara ulikuwa mmoja na kazi zilikuwa za watu wawili. Mkuu wa kituo, J. S. Plaskett, aliliona jambo hilo, akamtafutia dola 200 za utafiti. Fedha hizo zilitosha kumlipa mtumishi wa nyumbani kwa mwaka mzima, na mama akarudi kwenye darubini yake, yenye kioo cha upana wa mita 1.83, akiwa na moyo mtulivu zaidi.

Ni kitu gani alichokitafuta usiku kucha? Msomaji anakijua Kilimia, lile kundi la nyota chache zilizokaribiana. Yapo makundi mengine ya mbali sana, yenye umbo la mviringo kama mpira, na kila moja lina nyota elfu nyingi, pengine hata mamia ya elfu. Ni makundi ya kale. Mengi yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 10. Ndani yake zimo nyota ambazo mwanga wake hauko sawasawa: hutanuka na kunywea kama kifua cha mtu anayepumua, na kila zikifanya hivyo mwanga huongezeka na kupungua. Nyingi humaliza mzunguko huo kwa muda usiofika siku moja.

Nyota hizo zina faida kubwa. Wataalamu wanajua mwanga wao wa kweli ni wa kiasi gani. Basi wakipima jinsi unavyofifia unapotufikia, huweza kukadiria umbali wake, kama mtu anavyokadiria umbali wa taa ya chemli anayoijua nguvu yake. Kwa njia hiyo Shapley alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1918, kwamba jua letu haliko katikati ya Njia Nyeupe, yaani ule mkusanyiko mkubwa wa nyota tuliomo, bali liko mbali pembezoni.

Kazi yenyewe, lakini, haikuwa na fahari. Kundi moja lilipigwa picha juu ya kioo usiku mmoja, tena kesho yake, tena mwaka uliofuata, na hata miaka 20 baadaye. Kisha mtafiti aliinama mezani na kulinganisha vitone, kimoja kimoja, apate kujua ni kipi kilichofifia. Yote hayo yalifanyika baada ya usiku wa baridi kali, kwani jengo la darubini halipashwi moto. Hewa ya joto ikipanda huitikisa sura ya nyota. Huko Victoria peke yake Bibi Hogg aligundua nyota mpya za namna hiyo zaidi ya 100.

Mwaka 1935 jamaa hiyo ilihamia kituo kipya cha David Dunlap, karibu na Toronto, na mwaka uliofuata ndipo bibi huyu alipoanza kupata ujira. Mwaka 1939 alitoa orodha ya nyota zote zinazobadilika mwanga zilizojulikana katika makundi ya mviringo. Akaitoa upya mwaka 1955, na tena 1973. Mtafiti popote duniani aliyetaka kuanza kazi hiyo, alianza na orodha ya Bibi Hogg.

Tarehe 1 Januari, 1951, Frank Hogg alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Mjane alibaki na watoto watatu, masomo ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Toronto, na jambo moja zaidi: marehemu alikuwa akiandika makala ya nyota kila wiki katika gazeti la Toronto Star. Bibi Hogg aliichukua kalamu hiyo, na hakuiweka chini mpaka mwaka 1981. Kwa miaka 30 wakazi wa mji ule, wa kiwandani na wa ofisini, walielezwa na mtafiti mwenyewe, kwa maneno ya kawaida, ni nyota gani ile inayong'aa jioni juu ya paa zao. Mwaka 1970 alifundisha pia katika televisheni ya elimu. Kitabu chake cha mwaka 1976 alikipa jina la The Stars Belong to Everyone, maana yake nyota ni mali ya kila mtu.

Na hakika ndivyo. Kundi kubwa kuliko yote ya mviringo katika Njia Nyeupe, liitwalo Omega Centauri, halionekani kamwe kutoka Toronto. Mkazi wa Mbeya au Dar es Salaam huweza kuliona bila ya darubini, jioni za mwezi wa Mei, upande wa kusini, mfano wa nyota yenye ukungu, mradi awe mbali na taa za barabarani.

Bibi Hogg alipewa uprofesa kamili mwaka 1957, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Kifalme cha Elimu ya Nyota cha Kanada, na akatunukiwa nishani za juu za nchi hiyo. Alifariki tarehe 28 Januari, 1993. Orodha yake haikuzikwa naye: mwanafunzi wake wa zamani, Christine Clement, aliipokea, na mwaka 2001 akaitangaza upya.