Hekima ya Wazee na Mizani ya Kuipimia

Katika parokia zetu za Kanda ya Ziwa tunasikia kauli mbili. Wengine husema mila zote ni giza, ziachwe. Wengine husema mila ni zetu, zisiguswe. Kauli zote mbili hukwepa kazi ya kupima.

Falsafa ya kudumu hutupatia mizani. Kwa jina hilo tunamaanisha kweli ambazo akili ya binadamu imezifikia katika nyakati na mataifa mbalimbali: kwamba wema hautegemei matakwa ya mtu, na kwamba kila mtu ana heshima isiyonunuliwa. Katika waraka Fides et Ratio (1998), Papa Yohane Paulo II alieleza kuwa maswali ya msingi kuhusu maisha, uovu na kifo huulizwa katika kila utamaduni. Wasukuma waliyatafakari kwenye shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliwafunza vijana.

Bujora, karibu na Kisesa, ni mfano mzuri. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha hapo kazi iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma. Ngoma za Bagika na Bagalu zikapata nafasi katika Bulabo, sherehe inayofungamana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Mashindano hayo tangu zamani yalihusishwa na dawa za mvuto. Kanisa lilipokea ngoma, dawa halikuzibariki.

Lakini ipo pia imani iliyoua. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kuanzia mwaka 2007 hivi, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa, viungo vyao vikitafutwa kwa bahati ya uvuvi na machimbo. Tusiseme haraka kwamba hayo ni mambo ya kale. Tamaa ya utajiri wa ghafla ni ugonjwa wa leo uliovaa vazi la mila.

Basi frateri anayesoma Mtakatifu Tomaso, na mwamini katika jumuiya ndogo ndogo, waulize swali moja: je, jambo hili linamtendea jirani kama mtu, au kama kitu cha kutumia? Mila ya kumlisha mgeni na kumzika jirani hupita mizani hiyo. Inayomgeuza bibi kuwa adui haipiti, hata kama tuliirithi. Nasi tukinyamaza bibi huyo anaponyoshewa kidole, mtihani wa falsafa tuliofaulu hautatutetea.