Kifaranga wa Bata Aliyelemaa: Chunguza Kwanza, Usimtupe

Simama Magogoni, Dar es Salaam, mahali pa kupandia kivuko. Kila siku watu huvuka kutoka mjini kwenda Kigamboni, Somangila na Kimbiji. Wengine hubeba mifuko ya chakula cha kuku walichonunua Kariakoo. Wengine hubeba maboksi ya vifaranga, na baadhi ya vifaranga hao ni wa bata.

Baada ya siku chache mfugaji huona jambo la kusikitisha. Kifaranga mmoja hawezi kusimama. Miguu imepinda, au mgongo umepinda. Majirani husema, "Kilema huyo, mtupe." Wengine husema ni mkosi.

Ndugu mfugaji, si mkosi. Kilema kina sababu yake. Ukiwahi, miguu mingi hupona. Tena ukiijua sababu, utawaokoa vifaranga waliobaki. Basi jiulize maswali matatu.

ANAKULA NINI?

Bata si kuku. Kifaranga wa bata anahitaji kwa wingi vitamini iitwayo niasini. Wataalamu wa chakula cha mifugo hushauri miligramu 55 katika kila kilo ya chakula chake. Kifaranga wa kuku hutoshwa na miligramu 27 hadi 35. Kwa hiyo chakula cha kuku huweza kumpungukia bata. Mahindi matupu ni mabaya zaidi, maana niasini iliyomo imefungika na mwili hauipati vizuri.

Dalili zake ni hizi: vifundo vya miguu huvimba, miguu hupinda kama upinde, na kifaranga hutembea akikalia vifundo.

Msaada uko karibu. Samaki ana niasini nyingi, na soko la samaki la Feri liko hapo hapo Magogoni. Tafuta dagaa wasiotiwa chumvi, au mabaki ya samaki wabichi. Yachemshe, yaponde, kisha changanya kidogo kidogo katika chakula. Katika maduka ya dawa za mifugo zipo pia vitamini B za kutia katika maji. Mwulize bwana mifugo kipimo chake.

Usimpe samaki aliyeoza. Huweza kuwa na sumu inayolegeza shingo na miguu, na bata wengi wakafa kwa pamoja. Usimpe pia mahindi wala karanga zenye ukungu. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye sumukuvu. Vifaranga wa bata nao walikufa.

ANASIMAMA JUU YA NINI?

Sakafu inayoteleza hupanua miguu ya kifaranga, mmoja huku na mwingine kule. Plastiki ni mbaya. Boksi tupu ni baya. Hata gazeti hili, ukishalisoma, usimtandikie. Tandika gunia safi au majani makavu.

Miguu ikiwa imepanuka, chukua kitambaa laini. Ifunge miguu yote miwili, ukiacha nafasi katikati ili asimame kama wenzake. Usikaze, damu ipite. Fungua kila siku utazame ngozi, kisha funga tena. Fanya hivyo siku tatu hadi tano. Anza mapema, katika wiki ya kwanza, mifupa ingali laini.

Jambo jingine: usimnyanyue bata kwa miguu kama tulivyozoea kwa kuku. Miguu ya bata ni dhaifu. Mshike mwili kwa mikono miwili.

ALIZALIWAJE?

Kifaranga akitoka katika yai na mgongo uliopinda, kwa kawaida mgongo huo haunyooki tena. Usimvute wala usimfunge kijiti, utamwumiza. Chunguza mayai na wazazi wake. Joto likizidi wakati wa kuatamia, kifaranga huharibika. Mayai yasipogeuzwa, huharibika pia. Bata dume akipanda binti zake mwenyewe mwaka hadi mwaka, vilema huongezeka. Badilishaneni madume na jirani ambaye bata wake hawana undugu na wako.

JINSI YA KUMTUNZA

Mtenge asikanyagwe na wenzake. Lakini usimwache peke yake, maana bata mpweke hulia na huacha kula. Mpe mwenzi mmoja mpole. Weka chakula na maji karibu na mdomo wake. Maji ya kunywa yawe na kina cha kuzamisha pua tu.

Mara moja kwa siku mweke katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika tano. Mfungue kitambaa kwanza. Maji humbeba, naye hupiga miguu bila kulemewa. Usiondoke hapo. Ukimtoa, mkaushe vizuri. Kifaranga asiye na mama hulowa upesi, na baridi humwua.

Mtazame kila siku. Kama anakula, anajongea na anakua, mwache aishi. Bata anayechechemea bado ni kitoweo. Ila aliyezaliwa na mgongo uliopinda usimzalishe. Lakini kama hafiki kwenye chakula, analala ubavu na ana vidonda, mwite bwana mifugo. Akisema hakuna tumaini, msimwache ateseke.

Wakilegea wengi kwa siku moja, usingoje. Toa taarifa upesi, na usiuze wala usile hata mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini chakula cha kuku huenda kisimtoshe kifaranga wa bata?
2. Vifaranga wenu wamelala juu ya nini leo?
3. Bata dume wenu ametoka wapi, na binti zake wako wapi?